Barua kwa Shangazi wa Runinga: Msimu wa nne wa The Simpsons

Toleo lililopita niliandika kwamba sijaona vichekesho vya runinga vinavyoufikia msimu wa nne wa katuni ya The Simpsons, ule ulioanza kurushwa Marekani Septemba 1992. Barua zimemiminika. Nimechagua nne.

*Shikamoo Shangazi. Umeisifia The Simpsons, mimi inaninyima raha. Mwanangu ana miaka tisa, anaitazama kwenye simu ya kaka yake, na juzi alimjibu baba yake mkato kama yule mtoto Bart. Nilidhani katuni ni za watoto. Nimzuie au nimwache?*
*Mama wa watatu, Tabata Segerea*

Marahaba mama. Mzuie kuitazama peke yake. Hiyo ni katuni ya watu wazima. Baba wa nyumba ile ni mlevi, humkaba mwanawe shingo akikasirika, na ndani ya katuni kuna katuni nyingine ya paka na panya wanaokatana vipande kwa damu. Waandishi wake walijua wanachokifanya: wanataka mtu mzima aone ni vitu gani watoto wanaachiwa kutazama. Mtoto wa miaka tisa haoni hilo, anaona damu tu na majibu ya mkato.

Lakini kabla hujamnyang'anya simu, keti wewe na mumeo mtazame episodi moja ya msimu huo, "Itchy & Scratchy: The Movie", ya Novemba 1992. Bart anaachiwa mdogo wake amwangalie, anazembea. Marge, mama yake, amechoka na baba anayetoa adhabu asubuhi na kuifuta jioni. Basi Homer, baba yake, anampiga marufuku kuitazama filamu ambayo mji mzima unaipigia foleni, na safari hii halegezi. Mtoto analia, Marge mwenyewe anaingiwa na huruma, baba kakaza. Mwishoni tunapelekwa miaka 40 mbele: Bart ni Jaji Mkuu, na yeye na baba yake aliyezeeka wanakwenda kuitazama filamu ile pamoja. Mimi naipenda sana kwa sababu inamheshimu mzazi aliyesimama na neno lake. Mkishaitazama mtajua nyumba yenu inahitaji sheria gani, na kaka mtu naye aambiwe simu yake isiwe sinema ya mdogo wake.

*Shangazi shikamoo. Mimi fundi simu, Mbagala Rangi Tatu. Kijiweni wanasema msimu wa nne ndio mwisho wa matatizo. Nimejaribu, naona picha za kizamani tu. Na misimu yenyewe imepita 30! Kwa nini huo wa nne? Nianzie wapi?*
*Fundi, Mbagala*

Marahaba mwanangu. Anza na "Last Exit to Springfield", iliyorushwa tarehe 11 Machi 1993. Nitakusimulia kisa chake kwa urefu, maana jibu lako limo humo.

Homer anafanya kazi kwenye mtambo wa umeme wa nyuklia, mali ya mzee tajiri aitwaye Burns. Mkataba wa wafanyakazi umefika wakati wa kuandikwa upya, na Burns anataka kuondoa matibabu ya meno. Badala yake wafanyakazi wapewe pipa la bia kwenye mkutano. Ukumbi mzima unashangilia, watu wanakimbilia bia. Siku hizo hizo daktari amesema Lisa, binti wa Homer, anahitaji vyuma vya kunyoosha meno. Sasa angalia ilivyochezwa. Rafiki yake Lenny anataja matibabu ya meno, na sauti ya Marge inamrudia Homer kichwani: Lisa anahitaji vyuma. Lenny tena. Marge tena. Inazunguka, inazunguka, mpaka unataka kuingia kwenye runinga umshike mkono, kwa sababu mambo mawili yako mbele yake na bado hajayaunganisha. Anapoyaunganisha anageuka simba. Jioni hiyo wenzake wanamfanya mwenyekiti wa chama.

Burns, ambaye hajawahi kukutana na mtu asiye na hila, anaamini Homer ni mjanja wa kutisha. Kwenye mazungumzo Homer anabanwa na haja, anatoka mbio kutafuta choo. Burns anaona ni msimamo mkali, huyu hatishiki. Unakuja mgomo. Lisa anapiga gitaa kwenye mstari wa wagomaji. Burns anazima umeme wa mji mzima, na gizani watu wanaendelea kuimba. Hapo mzee anashindwa. Anarudisha matibabu ya meno kwa sharti moja, Homer ang'atuke uenyekiti.

Baba yangu alikuwa fundi wa reli, tuliishi Ilala, na maneno ya mezani kwetu yalikuwa hayo hayo: mkataba unasemaje, nani atalipia matibabu, fulani kauza wenzake kwa soda na pilau. Nilipoiona episodi ile kwenye kaseti ya kukodi nilicheka huku nikiisikia sauti ya baba. Waandishi wake, Jay Kogen na Wallace Wolodarsky, wamejaza dakika 22 utani wa kila namna, hata wa kipuuzi kabisa, ila kila utani umefungwa kwenye jambo moja la kweli: mzazi hana pesa ya meno ya mwanawe. Ondoa jambo hilo, utani wote unamwagika. Misimu ya baadaye ina utani mwingi vilevile, tena mkali, lakini mara nyingi haukutani na shida ya mtu. Hiyo ndiyo sababu nasema wa nne, uliosimamiwa na Al Jean na Mike Reiss.

Ukimaliza hiyo nenda "Marge vs. the Monorail", ya Januari 1993, iliyoandikwa na Conan O'Brien kabla hajawa mtangazaji maarufu. Burns anatozwa faini kwa kutupa taka za nyuklia kwenye bustani, mji unapata dola milioni 3, mkutano unaitishwa kuamua zifanye nini. Marge anaomba barabara kuu itengenezwe, imejaa mashimo. Wote wanakubali. Kisha anainuka mgeni mwenye suti na wimbo mtamu, anawauzia treni ya reli moja ambayo hakuna aliyeiomba. Aliyewahi kukaa kwenye mkutano wa mtaa, mchana, juu ya viti vya plastiki, akaona hoja ya maana ikizimwa na msemaji mwenye sauti nzuri, hahitaji kutafsiriwa.

Ile ya Aprili, "So It's Come to This", iruke. Ni vipande vya episodi za nyuma vilivyounganishwa. Ya kufunga msimu, "Krusty Gets Kancelled", iweke mwisho kabisa, imejaa watu mashuhuri wa Marekani wa enzi zile na usipowajua utachoka.

Kuhusu picha kuwa za kizamani: zilichorwa na kupakwa rangi kwa mkono juu ya karatasi za plastiki, moja moja, na msimu huo kazi ilikuwa imehamia kampuni mpya, Film Roman. Kumbuka pia kwamba wakati zinarushwa kule, Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha runinga. ITV ilianza 1994. Zitazame taratibu, uso wa Marge akiwa kimya una mengi.

*Kwa nini wana rangi ya njano?*
*Mwanafunzi wa kidato cha pili, Temeke*

Ili mtu anayebadilisha chaneli aone rangi hiyo na kusimama hapo. Ndivyo alivyoeleza Matt Groening, mwenye kuwabuni.

*Shangazi, nasoma uchoraji, nakaa Sinza. Mimi na rafiki zangu wawili tunataka kutengeneza katuni ya vichekesho ya Kiswahili kwa watu wazima. Kila tunayemwambia anacheka, anasema katuni ni ya watoto. Tuna kompyuta moja. Tuanzie wapi?*
*Mchoraji, Sinza*

Mwanangu, anayekucheka hakulisoma gazeti la katuni la Sani. Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Dr. Love Pimbi hawakuchorwa kwa ajili ya watoto, na watu wazima wa jiji hili waliwangoja kila toleo lilipotoka. Katuni za Kipanya watu wazima wanazibishania hadi leo. Na kwamba Dar inaweza kutengeneza katuni zinazotembea, Ubongo Kids inatengenezwa hapa hapa na ilianza kurushwa 2014. Hiyo ni ya watoto. Ya wakubwa nafasi yake iko wazi, na mimi naisubiri kwa hamu kuliko unavyodhani.

Piga hesabu kwanza, ili usivunjike moyo katikati. Picha za sinema hupita 24 kwa sekunde, na wachoraji wengi huacha kila mchoro ukae picha mbili, kwa hiyo ni michoro 12 kwa sekunde. Dakika 22 zingekula michoro 15,840 kama kila kitu kingesogea muda wote. Watatu na kompyuta moja hamuwezi. Fanyeni dakika mbili, michoro 1,440, na mingi yake itakuwa mdomo na jicho tu juu ya mwili uliotulia.

Rekodini sauti kabla ya kuchora. The Simpsons hufanya hivyo: mswada unaandikwa, waigizaji wanausoma mezani, sauti zinarekodiwa, ndipo michoro inafuata midomo. Na msihangaike kutafuta waigizaji kumi. Tazameni "Mr. Plow" ya msimu huo huo wa nne. Homer ananunua gari la kusafisha theluji, biashara inashika, rafiki yake Barney naye ananunua kubwa zaidi na kumnyang'anya wateja. Wanagombana, wanatusiana, wanapatana. Sauti zote mbili ni za mtu mmoja, Dan Castellaneta, na kazi ile ilimpa tuzo ya Emmy mwaka 1993.

Hadithi yenu itoke kwenye nyumba moja mnayoijua hadi sauti ya mlango wake. Wapangaji sita, mita moja ya LUKU, na mmoja ana friji. Nani anachangia kiasi gani? Andikeni ugomvi huo kurasa tatu, usomeni kwa sauti mbele ya mama mmoja wa Sinza aliyewahi kuishi nyumba ya kupanga, na pale asipocheka, futeni. Mkiwa na kurasa hizo nitumieni. Nitazisoma zote na kuwaandikia.