Fundi akitaka kupiga Windows, mwambie asubiri

Barua za wiki hii zimefanana sana. Kompyuta imekufa, na ndani yake kuna kitu ambacho hata ukizunguka Kariakoo nzima hukipati dukani.

Umeme ulikatika, na uliporudi kompyuta yetu ya mezani haikuwaka tena. Humo kuna picha zote za marehemu mama. Ndiyo zimekwenda? (Mama wa watoto wawili, Tabata)

Pole sana, dada yangu. Kuna matumaini makubwa kwamba zipo. Umeme ukirudi kwa kishindo, mara nyingi kinachoungua ni pawasaplai, lile boksi la chuma linalopokea waya wa ukutani. Picha zinakaa kwenye diski, ambayo ni chombo kingine kabisa. Mwombe fundi aitoe diski na kuiunganisha na kompyuta nyingine iliyo nzima kwa waya wa SATA (ule wa kuunganishia diski) unaoingia kwenye USB. Diski za mezani za inchi 3.5 zinahitaji volti 12, kwa hiyo waya huo lazima uwe na adapta yake. Ule usio na adapta unatosha diski ndogo za laptopu tu. Ikisomeka, nakili picha kwanza. Habari ya pawasaplai itafuata.

Laptopu inafika kwenye nembo ya Windows, inajizima, inaanza tena. Fundi anataka kupiga Windows upya, na utafiti wangu wote wa chuo umo humo. (Mwanafunzi, Sinza)

Mdogo wangu, mzuie leo hii. Hapa ndipo watu wengi wanapoumia, na huniuma kila ninapolisikia: laptopu inapelekwa kwa fundi na kazi ya miaka mitatu, inarudi nyepesi, inakimbia, haina kitu. Fundi hana hatia. Aliambiwa aiwashe, akaiwasha. Lakini mara nyingi kupiga Windows kunakwenda pamoja na kufomati, yaani kuifuta diski, na kinachoandikwa upya kinakalia pale pale faili lako lilipokuwa.

Windows kuharibika hakumaanishi utafiti wako umeharibika. Tafuta flashi ya GB 16 isiyo na kitu cha maana, kwa kuwa itafutwa yote, kisha uiwekee Ubuntu, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows, kwenye kompyuta ya rafiki. Ichomeke kwenye laptopu yako, uiwashe kupitia flashi hiyo, uchague kuijaribu Ubuntu bila kuisakinisha. Ukikosea hapo na kusakinisha, umefanya lile lile ulilomkatalia fundi. Diski yako itaonekana kama folda ya kawaida. Fungua Users, kisha folda yenye jina lako, unakili kila kitu kwenye eksitenali, yaani diski ya nje. Ubuntu yenyewe ni ya bure. Ukidaiwa ufunguo wa BitLocker, lile kufuli la Windows linalofunga diski, ni namba yenye tarakimu 48, na mara nyingi imehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft, ambayo unaweza kuifungua kwa simu. Fungua mafaili mawili matatu uone kama yanasomeka, ndipo umruhusu fundi aendelee.

Eksitenali yangu inalia tik tik tik na haionekani kwenye kompyuta. Kijana mmoja ameniambia niiweke kwenye friza. (Mstaafu, Kimara)

Shikamoo, mzee wangu. Nakuomba usiiweke. Ikitoka kwenye baridi, itashika unyevu ndani, na joto la Dar es Salaam unalijua. Mlio huo kwa kawaida ni wa kichwa cha kusomea kilichoshindwa kazi. Kichwa hicho huelea juu ya sahani inayohifadhi mafaili kwa nanomita chache tu, kwa hiyo hata chembe ya vumbi ni jiwe kwake. Kila unapoiwasha, kinaweza kuzidi kuikwaruza sahani. Ichomoe. Asiifungue mtu kwenye meza ya duka, na usikubali iendeshewe chkdsk, programu ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski. Kuikomboa kunahitaji chumba kisicho na vumbi na vipuri vya diski inayofanana nayo. Ni kazi ya gharama, na inaweza isifanikiwe. Kabla ya kulipa, waulize watoto: picha ulizowahi kuwatumia huenda bado wanazo kwenye simu zao.

Nimefuta picha za flashi kwa bahati mbaya. (Kigamboni)

Usiweke kitu kingine humo. Kufuta kunaondoa jina tu kwenye orodha, picha yenyewe hubaki mpaka iandikiwe juu. Tumia PhotoRec, programu ya kurudisha mafaili yaliyofutwa, ni ya bure, na zinazopatikana uzihifadhi kwenye kompyuta, si kwenye flashi hiyo hiyo. Kwa SSD (diski isiyo na sahani inayozunguka) ya ndani ya laptopu matumaini ni madogo, kwa sababu amri iitwayo TRIM husafisha nafasi hizo mapema.

Mvua imeingiza maji ndani, laptopu imeloa. Niifukie kwenye mchele? (Msasani)

Hapana. Mchele hauyatoi matope na chumvi, na hivyo ndivyo vinavyoila saketi. Chomoa chaji, toa betri kama inatoka, na usijaribu hata mara moja kuona kama inawaka. Ipeleke kwa fundi leo, aifungue na kuisafisha kwa spiriti. Na mwambie tangu mlangoni kwamba unachokitaka kwanza ni diski.