Uliza Sajini Mstaafu: "Una namba yangu?"

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni dereva wa pikipiki. Wiki iliyopita usiku nilisimamishwa na askari wa doria. Nilipouliza kosa langu, mmoja akanipiga makofi mawili, akaninyang'anya simu, nikapandishwa gari na kulala mahabusu. Asubuhi nikarudishiwa simu na kuambiwa niende, bila kosa wala karatasi. Nilipokwenda kulalamika, aliyekuwa kaunta ni yuleyule. Akaniuliza, "Una namba yangu?" Sina. Je, nimeshashindwa?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Hujashindwa. Nilikaa kaunta miaka 19 na swali hilo nalijua, kwani baadhi ya wenzangu walilitumia kufukuza watu. Namba ya utumishi ya askari inasaidia, lakini si sharti. Kazi ya polisi ni kazi ya madaftari: ipo orodha ya zamu, lipo daftari la magari linaloonyesha nani alitoka na gari gani, kipo kitabu cha matukio, kipo cha mahabusu. Mtu akilala ndani hata usiku mmoja, jina lake, saa aliyoingia, vitu alivyokutwa navyo na askari aliyempokea vinapaswa kuandikwa. Jina lako lisipoonekana humo, hilo ni lalamiko la pili, na kwangu mimi ni zito kuliko makofi: ulifungiwa bila maandishi.

Kuna mama alikuja kwetu alfajiri moja, amefumba mkono wa kushoto kama aliyeshika sarafu. Alipoufumbua nikaona ameandika kiganjani, kwa kalamu ya wino, saa na namba ya gari la doria lililomchukua mumewe. Jasho lilishaanza kufuta. Nikamshika mkono, nikaugeuzia kwenye taa, nikanakili. Tarakimu ya mwisho ilikuwa imevuja, haijulikani ni 1 au 7, nikaandika zote mbili. Mpelelezi alipofungua daftari la magari akakuta lile la 7 lilikuwa gereji wiki nzima. Likabaki gari moja, na ndani yake askari wanne kwa majina yao.

Kwa hiyo leo kabla hujalala, andika. Usiandike "askari wamenionea", maana hakuna mpelelezi anayeweza kuanzia hapo. Andika ilikuwa saa ngapi, barabara gani, mbele ya jengo gani. Andika askari alikuwa mrefu au mfupi, alikuwa na V ngapi za cheo mkononi, alikupiga kwa mkono upi na upande gani wa uso. Maneno yake yaandike kama alivyoyatamka, hata kama ni matusi. Taja waliokuwa nawe mahabusu, na kama simu yako inaonyesha ilizimwa saa ngapi, taja. Usichokikumbuka, sema hukikumbuki. Nimeona lalamiko la kweli kabisa likifa kwa sababu mtu aliongeza kofi la tatu ambalo shahidi wake hakuliona.

Si lazima lalamiko lipitie kaunta ile. Mwandikie mkuu wa kituo, au aliye juu yake. Nchi nyingi zina pia kitengo cha ndani cha nidhamu, na baadhi zina chombo kilicho nje ya jeshi la polisi: Kenya wana IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, Afrika Kusini wana IPID, iliyoanza kazi 2012, Uingereza, kwa maeneo ya England na Wales, wana IOPC tangu 2018. Pasipo na chombo cha namna hiyo, tume ya haki za binadamu hupokea malalamiko, kama ile ya Haki za Binadamu na Utawala Bora Tanzania. Kwa jambo lako ningeanza na mkuu wa kituo na kupeleka nakala nje. Kukiwa na kifo, jeraha kubwa au risasi, anzia nje moja kwa moja. Askari wa kituo kimoja wamekula kiapo pamoja na wamelala lindo pamoja. Ni vigumu mno kumpeleleza mwenzako wa zamu, na nasema hivyo kwa kuwa nilikuwa mmoja wao.

Chapa nakala mbili. Moja waachie, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa, yenye tarehe, jina la aliyepokea na namba ya kumbukumbu. Wakikataa kugonga, itume kwa njia inayoacha stakabadhi. Mwaka wangu wa tatu kazini mkubwa wangu alinikabidhi barua ya mzee mmoja, akaniambia niiweke kwenye droo. Nikaiweka. Mzee yule alirudi mara mbili, hana nakala wala namba, na baada ya hapo sikumwona tena. Ningeweza kumnong'oneza apeleke ngazi ya juu, sikufanya hivyo. Jambo lile linaniuma mpaka leo, ndiyo maana neno muhuri halinitoki mdomoni.

Wala usisubiri. Kamera za usalama nyingi hurekodi juu ya picha za zamani baada ya siku au wiki chache. Kama njiani pale pana kamera ya duka au benki, taja kwenye barua yako kwamba unaomba picha za usiku ule zihifadhiwe.

SWALI: Mama, mwanangu alipigwa virungu akiwa mahabusu. Sasa yuko nje kwa dhamana na ana kesi. Anaogopa kulalamika, anasema watamkomesha kwenye kesi. Alama mgongoni zinaanza kupotea. Nifanyeje?

JIBU: Dada yangu, kesho asubuhi mpeleke hospitali, mengine yatafuata. Mahali penye utaratibu wa fomu ya polisi ambayo daktari huijaza kuhusu majeraha, kama PF3 kwa Tanzania au P3 kwa Kenya, jaribu kuiomba kituo kingine, lakini matibabu yasingoje fomu. Mwombe daktari asiishie kuandika "maumivu ya mgongo". Aandike kila alama iko wapi, urefu wake kwa sentimita, umbo na rangi, na aiweke kwenye mchoro wa mwili. Pigo la kirungu mara nyingi huacha mistari miwili sambamba, katikati pakabaki wazi. Mtu aliyeanguka kwenye ngazi kwa kawaida hana alama ya namna hiyo, na daktari anayeijua ataitambua. Upo mwongozo wa Umoja wa Mataifa unaoitwa Itifaki ya Istanbul, wa 1999, uliohuishwa 2022, unaoeleza namna ya kuchunguza na kuandika majeraha ya mateso. Daktari ambaye hajauona unaweza kumtajia kwa heshima.

Nyumbani mpige picha mchana, kwenye mwanga wa dirisha, rula ikiwa kando ya alama. Moja ya karibu, moja ya mbali inayoonyesha na uso wake.

Hofu yake naielewa na siidharau. Kesi yake na lalamiko lake ni mambo mawili, lakini anachokiandika kwenye lalamiko kinaweza kusomwa kwenye kesi, kwa hiyo wakili akione kwanza. Kama hana wakili, aulizie msaada wa kisheria. Na siku ya mahakama anaweza kumwambia hakimu mwenyewe, kwa sauti, kwamba alipigwa, na kuomba liandikwe. Mkataba wa Kupinga Mateso wa 1984, kifungu cha 13, unazitaka nchi zilizouridhia zimlinde mlalamikaji na mashahidi wake dhidi ya kulipiziwa kwa sababu ya kulalamika. Akipigiwa simu ya vitisho, aandike saa na namba, na aipeleke palepale lilipo lalamiko la kwanza.

SWALI: Afande, mimi ni askari kijana. Nimelalamikiwa na mtu ambaye sikumgusa. Nina namba yake ya simu. Nimpigie tuyamalize?

JIBU: Usimpigie. Usimtumie ujumbe, usimtume ndugu wala mwenzako wa lindo, hata kama nia yako ni kumpoza. Simu kutoka kwa askari aliyelalamikiwa husikika kama kitisho, na ukishaipiga utakuwa na jambo la kweli la kujibu. Chukua daftari lako la siku ile, andika maelezo yako leo, taja uliokuwa nao zamu, na umkabidhi mkuu wako. Namba ya huyo mtu ifute kwenye simu yako.