Bastola darasani Texas: ni kweli, ila kwa masharti

Dada, umeuliza kama kweli mwanao akienda kusoma Texas atakaa darasani na wenzake wenye bastola. Inawezekana, ndiyo, lakini si kila mtu, na wala hutaiona. Sheria inayoruhusu bastola vyuoni ilipitishwa 2015 ikaanza kutumika vyuo vikuu vya umma tarehe 1 Agosti 2016. (Siku hiyohiyo ilitimia miaka 50 tangu mtu apande mnara wa chuo kikuu cha Austin na kuwamiminia watu risasi. Sijui nani alipanga kalenda hiyo!)

Anayebeba lazima awe na leseni, na sheria ilipoanza, kwa kawaida leseni ilitolewa kuanzia miaka 21, isipokuwa wanajeshi. Kwa hiyo wakati huo wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza hawakuwamo kabisa. Bastola lazima ifichwe. Ukiionyesha umevunja sheria. Tangu 2021 Texas imeruhusu watu wazima wengi kubeba bastola bila leseni mitaani, lakini chuoni leseni bado inadaiwa. Hapo ndipo wengi wanapochanganya.

Chuo hakiwezi kupiga marufuku kila mahali, ila kinaweza kutenga maeneo, kwa mfano baadhi ya maabara, na kuweka masharti mabwenini. Vyuo binafsi vina hiari ya kukataa, na vingi vilikataa.

Kama jambo hili linakunyima usingizi, mtafutie chuo binafsi, ingawa ada yake, dada yangu, nayo itakunyima usingizi.