Uzi Unakatika kwa Kila Rangi: Ninunue Ndoano Nyingine?

SWALI: Fundi, habari ya kazi. Nina mashine ya kudarizi ya kichwa kimoja, sindano 15, hapa Kariobangi. Kazi yangu ni beji za sweta za shule na kofia za makampuni. Kwa wiki kadhaa sasa uzi wa juu unakatika hovyo, rangi yoyote ile. Ndoano, ile ya chini inayozunguka na kushika uzi wa juu, niliwekewa mpya mwezi wa nane. Fundi aliyekuja juzi anasema imekwisha, ninunue nyingine pamoja na tensheni zote 15, vile vya juu vinavyokaza uzi. Kweli ndoano huisha upesi hivyo? Januari inakaribia na oda za shule zimeanza kuingia.

JIBU: Dada, pesa za tensheni usizitoe kwanza. Umesema uzi unakatika rangi yoyote ile, na hapo umenipa nusu ya jibu. Kila sindano ina njia yake: tensheni yake, springi yake, mkono wake wa kuvuta uzi, mguu wake wa kukandamiza. Si rahisi vitu 15 vilivyojitenga vichakae pamoja ndani ya wiki kadhaa. Vinavyotumiwa na sindano zote viko chini: bamba la sindano, ndoano, kesi ya bobini (inayobeba uzi wa chini), na kile kidole cha chuma kinachozuia kikapu cha ndoano, yaani sehemu ya ndani inayoshika kesi hiyo, kisizunguke. Kama uzi ungekatika kwenye sindano ya nne peke yake, ningekuelekeza juu. Kwa hali yako, anza chini.

Ndoano haiishi kwa miezi michache. Inafanya kazi nzito, ndiyo: huzunguka mara mbili kwa kila pigo moja la sindano, maana mashine ikienda mapigo 800 kwa dakika, ndoano inazunguka mara 1,600. Lakini ikipata mafuta na isipogongwa, hudumu miaka. Yako ikiwa imeharibika kweli, basi ama inakauka, ama kuna kinachoigonga, na kinachoigonga ni sindano. Ukiweka mpya bila kujua sababu, hiyo mpya nayo itagongwa.

Kwako nashuku mambo mawili. La kwanza ni kofia. Mshono wa katikati ya kofia ni mnene, na sindano namba 75/11 ikiupiga kwa kasi hupinda kidogo ikashuka upande, ikaikwaruza ncha ya ndoano au tundu la bamba. Kwa kofia ngumu tumia 80/12 iliyo nene zaidi, punguza kasi hadi kama mapigo 600, na mwambie anayekuandalia michoro aanzishe mchoro chini katikati, kisha utanuke kwenda pande zote mbili. La pili ni stima. Ikipotea, sindano inaweza kubaki ndani ya kitambaa. Wengi huvuta fremu papo hapo ili waitoe kazi, sindano inapinda kiasi ambacho jicho halioni, stima inarudi, na pigo la kwanza linaangukia ndoano. Usiguse fremu. Zungusha shafti kuu kwa mkono mpaka gurudumu la digrii, lile lenye namba za mzunguko wa shafti, lisome 100. Hapo, kwenye mashine nyingi, ndipo sindano huwa imetoka nje kabisa. Baada ya hapo hata usiichunguze ile sindano, itupe. Sindano moja ni bei ndogo sana ukiilinganisha na ndoano.

Sasa ukaguzi. Toa kesi ya bobini, fungua bamba, pangusa kila kitu, mulika kwa tochi. Pitisha ukucha polepole kwenye ncha ya ndoano na kingo zake zote, kisha pitisha kipande cha soksi ya nailoni. Kikinasa, hapo ndipo uzi wako unapokatikia. Mkwaruzo mdogo unasuguliwa kwa msasa laini sana, namba 1000 kwenda juu, bila kuifupisha ncha. Ncha ikiwa imebutuka au imemeguka, au kikapu cha ndani kikichezacheza ndani ya njia yake, hapo fundi wako ana haki: nunua nyingine. Tundu la bamba nalo likague hivyo hivyo, maana mara nyingi makovu yako hapo na ndoano inasingiziwa. Bamba ni rahisi kuliko ndoano, likichimbika badilisha tu.

Kesi ya bobini usiiamini kwa sababu inang'aa. Pitisha kona ya kadi ngumu chini ya springi yake, utatoa nyuzinyuzi za sweta zilizoshindiliwa hapo. Kisha ining'inize kwa uzi wake: ukiitikisa kidogo ishuke kidogo na isimame. Ikiporomoka imelegea, isiposhuka kabisa imekaza. Springi iliyochimbwa mfereji na uzi haitengenezeki. Ukimaliza, darizi herufi I nene na ugeuze kitambaa: uzi wa bobini uonekane katikati, kama theluthi moja ya upana.

Ukilazimika kununua ndoano, ibebe ya zamani mpaka dukani. Kuna za bobini ya kawaida na za bobini kubwa, na kwa macho zinafanana kuliko unavyodhani. Hirose kwa ndoano na Towa kwa kesi za bobini, zote za Japani, ni majina ninayoyaamini. Za bei ya chini zipo tele mjini na zingine zinafanya kazi, ila pitisha ule ukucha kabla hujalipa.

Kuifunga ndiyo kazi yenyewe, na hapa nakuomba usimame karibu na fundi utazame. Aweke sindano mpya ya aina ya DBxK5, jicho likitazama mbele. Azungushe shafti kwa mkono. Kwenye mashine za muundo wa Tajima, kampuni ya Japani, na nyingi za Uchina zilizofuata muundo huo, ncha ya ndoano inakutana na sindano kwenye digrii 201 hivi. Yako ithibitishe kwenye kitabu chake. Ncha ipite nyuma ya sindano, kwenye ule ubonyeo ulio juu kidogo ya jicho, na nafasi kati yake na sindano iwe milimita 0.1 hadi 0.3. Karatasi nyembamba ipite, ncha isiisukume sindano hata kidogo. Akaze skrubu moja, apime tena, ndipo akaze zilizobaki. Akikaza zote kwa mara moja ndoano husogea na kipimo kinapotea.

Halafu kile kidole. Hiki ndicho husahauliwa kuliko vyote. Kikibana kikapu mno, uzi hauna pa kupitia na unakatika kwa kila rangi, hata ndoano iwe mpya kabisa. Uvute uzi wa juu kwa mkono huku shafti ikizungushwa, upite bila kunasa. Kwa kuwa shida yako ilikuja baada ya ndoano kubadilishwa mwezi wa nane, hapa ningeangalia hata kabla ya kufungua kitu kingine.

Matunzo ya kila siku hayana mengi. Tone moja la mafuta meupe ya cherehani kwenye njia ya ndoano kila baada ya saa nne hivi za kazi, kisha darizi kitambaa kibovu kidogo kabla ya beji ya mtu. Mafuta ya kula na ya gari hayafai, yanaganda na vumbi. Safisha kwa brashi. Kompresa inasukuma nyuzinyuzi na unyevu ndani kwenye beringi. Visu vya kukata uzi vifagie kila jioni, maana vikiziba au kuwa butu huacha mkia mfupi, uzi unachomoka sindanoni mwanzo wa rangi, na mashine inakuandikia kwamba umekatika.

Kabla ya Januari weka droo yenye sindano za 75/11 na 80/12, kesi mbili za bobini, bamba moja na seti ya visu. Ndoano ya akiba si lazima kwa kichwa kimoja. Ukishakagua kidole, bamba na kesi na uzi bado unakatika kwa kila rangi, niandikie digrii ambayo ncha inakutana na sindano na namba ya sindano uliyopimia, tuendelee kutoka hapo.