Re: Ngoma na sauti zinaachana katikati ya wimbo

Ndugu yangu, umesema chakacha mliyorekodi Mji wa Kale inaanza sawa, kisha ngoma na sauti zinaachana ukiihamishia programu ya pili ya kuhariri muziki. Msikilize kwanza mwimbaji. Sauti yake ikiwa imekuwa nzito na wimbo umerefuka, tatizo ni sampo reti, yaani idadi ya vipimo vya sauti kwa kila sekunde: faili la 48,000 Hz linasomwa kama la 44,100, hivyo mwendo unapungua kwa takriban asilimia 8. Linganisha mipangilio ya programu zote mbili, pamoja na kadi ya sauti.

Sauti yake haikubadilika? Basi ni tempo, yaani kasi ya mapigo ya wimbo. Faili la WAV, lile la sauti yenyewe, kwa kawaida halibebi mabadiliko ya mwendo, kwa hiyo toa faili la MIDI (hubeba maelekezo ya muziki, si sauti) lenye ramani ya tempo, yaani orodha ya mwendo unavyobadilika wimboni, uliingize kwenye programu ya pili. Ila nakusihi, usiwalazimishe wapiga ngoma wafuate metronomu, ile inayogonga mapigo yasiyobadilika. Ramani ndiyo iwafuate wao.