Jibu kwa anayeanza kukusanya sarafu za zamani za Uingereza: pima kwanza, lipa baadaye

Mkuu, swali lako nimelielewa hivi: una pauni 150 za kuanzia, na kuna muuzaji mtandaoni anakupa kwa mkupuo peni ya 1933, krauni (sarafu ya shilingi tano) ya Gothic ya 1847, nusu krauni ya 1905 na krauni ya Churchill. Anasema zote ni adimu, urithi wa babu yake. Unauliza uchukue au uache, na ukiacha uanzie wapi.

Acha. Peni ya 1933 haikutolewa kwa matumizi ya kawaida. Zinazojulikana duniani ni kama saba, na moja iliibiwa mwaka 1970 kutoka chini ya jiwe la msingi la kanisa huko Leeds. Sarafu adimu kiasi hicho haizunguki kwenye kifurushi cha pauni 150. Mara nyingi ni nakala ya kumbukumbu, au peni ya 1935 ambayo tarakimu ya mwisho imechongwa upya. Krauni ya Gothic zilipigwa 8,000 tu, na mwaka wake umeandikwa kwa tarakimu za Kirumi katika herufi za Kigothi. Ukiona "1847" kwa tarakimu za kawaida, umemaliza kazi ya uchunguzi. Nusu krauni ya 1905 ndiyo mwaka mgumu wa Edward VII, zilitoka 166,008, kwa hiyo waghushi wanaipenda kuliko miaka mingine. Krauni ya Churchill ya 1965 huenda ni halisi kabisa, tatizo ni kwamba zilipigwa zaidi ya milioni 19, tena za shaba na nikeli. Vivyo hivyo krauni ya jubilei ya 1977 na ya harusi ya Charles na Diana ya 1981: ni kumbukumbu nzuri, lakini usizilipie bei ya madini ya fedha.

Kabla ya kununua chochote kinachoitwa cha fedha, kariri miaka miwili, 1920 na 1947. Hadi 1919 sarafu nyeupe za Uingereza zilikuwa fedha ya 925 kwa 1,000. Kuanzia 1920 hadi 1946 zikashushwa hadi 500. Kuanzia 1947 hakuna fedha ndani kabisa, isipokuwa zile chache za sadaka ya Maundy (anayogawa mfalme au malkia kabla ya Pasaka) ambazo zilirudishwa kwenye 925. Uzito haukubadilika: krauni gramu 28.28, florini mbili (sarafu moja ya shilingi nne) 22.62, nusu krauni 14.14, florini (shilingi mbili) 11.31, shilingi 5.66, peni sita 2.83, peni tatu ya fedha 1.41. Maana yake mizani peke yake haitakutofautishia nusu krauni ya 1919 na ya 1920, wala ya 1946 na ya 1947. Soma mwaka.

Kutokana na hapo unapata bei ya chini kabisa ya sarafu, yaani fedha iliyomo. Nusu krauni ya 1918 ina gramu 13.08 za fedha safi, ya 1935 ina 7.07. Chukua bei ya aunsi ya fedha ya siku hiyo, gawanya kwa 31.1035 upate bei ya gramu, kisha zidisha. Sarafu iliyolika, ambayo nywele za mfalme zimekuwa bapa na mwaka wake ni wa kawaida, haistahili kulipiwa zaidi sana ya hapo, hata kama ina miaka 120. Umri hauongezi bei kama watu wanavyodhani. Shilingi na peni sita za George III za 1816 hadi 1820 bado zinapatikana kwa bei ya mtu wa kawaida kwa sababu zilipigwa kwa wingi mno.

Vifaa: mizani ya kidijitali inayosoma gramu 0.01, kalipa (kipimo cha kipenyo) ya kidijitali, lenzi ya kukuza mara 10, na kipande kidogo cha sumaku kali. Vyote pamoja havifiki bei ya kosa moja. Sumaku kwanza: fedha, dhahabu, shaba nyekundu na shaba-nikeli za zamani hazivutwi. "Krauni ya Victoria" inayorukia sumaku ni chuma kilichopakwa. Kisha mizani. Sarafu iliyotumika hupungua uzito, haiongezeki: nusu krauni iliyochoka ikisoma 13.6 ni jambo la kawaida, ikisoma 14.6 kuna tatizo. Kalipa ifuate: krauni ni takriban milimita 38.6, nusu krauni 32.3, shilingi 23.6, peni ya bronzi 30.8 na uzito wake 9.45.

Halafu ukingo, mahali wengi hawaangalii kabisa. Bandia ya kumimina kwenye kalibu huacha mshono mwembamba unaozunguka ukingo, au alama za tupa pale mshono ulipofutwa. Kwenye uwanja wa sarafu, yaani sehemu tupu isiyo na picha, utaona vitundu vidogo kama ngozi ya chungwa, na herufi zinakaa kama zimeyeyuka kwenye kona. Krauni za Victoria za miaka ya 1844 hadi 1847 zenye kichwa cha kijana zina maandishi DECUS ET TUTAMEN ukingoni. Zikiwa na michirizi mitupu, rudisha.

Kama uzito na kipenyo vimekubali lakini moyo haujatulia, pima msongamano. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, bonyeza sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, ishushe izame yote bila kugusa chini wala pembeni, ondoa viputo vya hewa, soma namba. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo. Krauni ya 925 ya gramu 28.28 itasoma takriban 2.74 majini, jibu ni 10.3 hivi. Shaba-nikeli hutoa karibu 8.9. Kwa sarafu ndogo kama peni tatu kosa la 0.01 linaharibu hesabu nzima, kwa hiyo kipimo hiki ni cha shilingi kwenda juu, au dhahabu.

Kwenye dhahabu: sovereni, sarafu ya pauni moja, ina gramu 7.988, kipenyo milimita 22.05, karati 22, na dhahabu safi gramu 7.32. Majini isome karibu 0.456, sawa na msongamano wa 17.5 hivi. Ikipungua uzito kwa kutumika, kiwango cha chini kilichokubalika kisheria kilikuwa gramu 7.937, chini ya hapo ijue imekatwa au imesuguliwa, au si halali. Lakini hapa kuna mtego ambao mizani haiuoni. Bandia nyingi za Mashariki ya Kati za karne iliyopita, hasa zile zinazohusishwa na Beirut, zilitengenezwa kwa dhahabu ya kweli, kwa kuwa faida ilikuwa kwenye tofauti ya bei ya sarafu na ya dhahabu. Zitapita vipimo vyote. Utazijua kwa sura: herufi nene, meno ya ukingo yasiyo sawa, uso wa mfalme uliolegea. Mwaka nao hutoa siri: sovereni ya 1917 isiyo na herufi ya kiwanda, maana yake ya London, halisi ni adimu sana, na nyingi zinazouzwa ni bandia. Tafuta herufi ndogo juu ya mwaka, kwenye ardhi chini ya farasi wa Mtakatifu George: S ya Sydney, M ya Melbourne, P ya Perth, C ya Ottawa, I ya Bombay mwaka 1918 pekee, SA ya Pretoria. Ndugu zetu walio Ghuba watakutana zaidi na sovereni zilizowahi kuwa kidani. Angalia ukingo saa sita kamili juu ya kichwa. Palipolehemewa kikuku pana rangi tofauti au michirizi imefutika. Hiyo ni dhahabu ya kupima kwa gramu, usilipe bei ya mkusanyaji.

Kuna na peni sita ya 1887 yenye ngao ndani ya mkanda. Ilifanana mno na nusu sovereni, watu wakaipaka dhahabu na kuipitisha, ndipo ikaondolewa mwaka huohuo na muundo ukabadilishwa. Ukiuziwa "nusu sovereni ya 1887" ipime: 2.83 ni peni sita, 3.99 ndiyo yenyewe. Hali hiyohiyo inaeleza fathingi (robo peni) nyeusi za 1897 hadi 1918. Royal Mint, kiwanda cha sarafu cha Uingereza, yenyewe ilizitia weusi ili zisichanganywe na nusu sovereni, kwa hiyo anayezisugua ziwe nyekundu anaondoa kitu halisi.

Sasa hali ya sarafu, ambako pesa nyingi hupotea. Waingereza hupanga F, VF, EF, UNC, kutoka iliyochakaa kiasi hadi isiyotumika kabisa. Tofauti ya bei kati ya F na EF kwa peni ya Victoria inaweza kuwa mara kumi, kwa hiyo muuzaji anayeongeza daraja moja "kwa wema" anakuchaji maradufu. Usisome maneno yake, angalia sehemu zilizoinuka: kwa George V nywele juu ya sikio na sharubu, kwa Britannia (mwanamke aliye nyuma ya peni) mistari ya kifuani, kwa sovereni kifua cha Mtakatifu George. Tahadhari moja tu: peni za George V za 1911 hadi katikati ya miaka ya 1920 zina kivuli cha kichwa cha mfalme upande wa Britannia. Si bandia wala si kuchakaa. Kichwa kilikuwa kikubwa, kikavuta metali wakati wa kupigwa, upande wa pili ukabaki dhaifu. Royal Mint walirekebisha sura mwaka 1926 na kuipunguza 1928.

Iliyosafishwa inajulikana kwa kuigeuzageuza chini ya taa moja: mng'ao halisi huzunguka kama mwale, wa kusuguliwa unatuama na unaonyesha mikwaruzo myembamba ya sambamba. Picha ya muuzaji iliyopigwa kwa taa kali mbele huficha hili kabisa, mwombe nyingine ya pembeni.

Kuhusu kuanza, maoni yangu ni haya: kamilisha seti fupi ya sarafu za kawaida zilizo safi kuliko kukimbilia moja adimu iliyochoka. Fathingi za ndege, 1937 hadi 1956, ni ishirini, moja kila mwaka, na hata zikiwa EF hazitakumaliza mfuko. Ukitaka fedha, florini mbili za Victoria zilipigwa miaka minne tu, 1887 hadi 1890; ya 1887 ina aina mbili, yenye I ya Kirumi na yenye 1 ya kawaida. Tano tu, na umemaliza seti nzima. Kisha nenda kwenye peni zenye herufi: H ya kiwanda cha Heaton mwaka 1912, 1918 na 1919, na KN ya Kings Norton 1918 na 1919, kushoto kwa mwaka. KN ikiwa safi ni ngumu kweli.

Aliye Dar, Mombasa au Kampala ana fursa ambayo Mwingereza hana. Senti 5 na 10 za East Africa za 1936 zina jina la Edward VIII, mfalme aliyeacha kiti kabla ya kutawazwa na ambaye sarafu zenye jina lake ni chache sana. Hizi bado ni rahisi, na tundu la katikati ni la kiwandani. Tundu kwenye shilingi ya Uingereza ni habari nyingine: hilo ni la mkufu, na linaua bei. Wauzaji wa huku pia huita shilingi ya East Africa "fedha ya Mwingereza". Za 1921 hadi 1946 ni fedha 250 tu kwa 1,000.

Mnadani London, usihesabu bei ya mwisho peke yake. Kamisheni ya mnunuzi ikiwa asilimia 24 na kodi ya asilimia 20 juu ya kamisheni, sarafu ya pauni 100 inakuwa 128.80 kabla ya kuposti. Panga kikomo chako ukianzia nyuma. Kwenye eBay tafuta bei za vilivyouzwa, si za vilivyoombwa. Sarafu iliyo ndani ya kasha la PCGS au NGC, kampuni zinazothibitisha na kupanga daraja la sarafu, ingiza namba kwenye tovuti yao, ulinganishe picha na kila kovu, kwani makasha nayo hughushiwa. Na si kila bima ya usafirishaji inabeba sarafu, soma masharti kabla mzigo haujatoka.

Zikifika, usiziache kwenye mifuko laini ya PVC inayonuka plastiki mpya, huacha ute wa kijani. Ute huo hutoka kwa asetoni safi isiyo na manukato, dakika chache, dirisha wazi, mbali na moto, kisha acha ikauke bila kufuta. Weka kwenye kapsuli au bahasha zisizo na asidi, pakiti ya silika ndani ya kopo linalofunga. Pwani chumvi ya hewa hula bronzi haraka kuliko fedha, kwa hiyo peni ndizo za kukaguliwa kila mwezi. Silika ikibadilika rangi, ikaushe kwenye oveni au inunue upya.