Neutrofili chini na huumwi? Ulizia jeni ya ACKR1
Dada umeuliza mbona kila ukipima neutrofili (chembe nyeupe za damu za kinga) ziko chini na huumwi kitu, muombe daktari acheki kundi la damu la Duffy, linatokana na jeni ya ACKR1. Protini yake hudaka kemokaini, zile kemikali zinazoita seli za kinga penye uvimbe. Waafrika wengi wana badiliko dogo linaloizima kwenye chembe nyekundu tu, basi neutrofili zinaweza kusoma hata chini ya 1,500 kwa maikrolita na mtu haugui zaidi ya wengine, tena vivax, kimelea kimoja cha malaria, inapata shida kumuingia, ilionekana tangu 1976 (falsiparamu, kimelea kingine cha malaria, haizuiwi, chandarua kibaki). Inauma sana watu kupunguziwa dozi za dawa za saratani kisa viwango vya neutrofili vilipangwa kwa kuangalia Wazungu.